Sura ya Sita: Magugu ya Karanga Hushindwa Siku ya Kupanda

Mkulima wa karanga akiulizwa atafanyaje na magugu, hujibu kwa hesabu ya palizi: mbili au tatu. Ni mara chache kumsikia akitaja nafasi kati ya mstari na mstari. Hapo ndipo upotovu unapoanzia. Mche wa karanga ni mfupi na hujivuta wiki za mwanzo, na gugu lililoota nao siku moja huupita kimo kabla haujatandaza majani. Lililochelewa likaota chini ya kivuli cha karanga halina nguvu hiyo. Kwa hiyo linaloamua ni nani atafunika ardhi kwanza, na hilo hupangwa wakati mbegu inaingia udongoni. Shamba lililolimwa likaachwa wiki mbili bila kupandwa limeyapa magugu wiki mbili za bure. Likwatuliwe tena juu juu, asubuhi ya siku ya kupanda.

Imani iliyoenea mno ni kwamba nafasi pana huzaa karanga nyingi. Huzaa nyingi kwa shina, naam, lakini anayevuna hapimi shina, anapima shamba. Kwa aina zinazosimama, mistari ya sentimita 50 na mbegu moja kila sentimita 10 hutoa miche 200,000 kwa hekta. Ukipanda 75 kwa 20, hupati hata 67,000, na ardhi iliyobaki wazi haikai tupu. Wanaotegemea jembe kurekebisha hali hiyo husahau umbile la mmea huu. Mwezi mmoja hivi baada ya kupandwa hutoa maua, kisha ua lililotunga hushusha kikonyo chembamba kinachopenya ardhini na kuzaa karanga humo. Jembe likipita wakati huo hukata mavuno yenyewe. Kuinulia shina udongo ni kosa zaidi: hufukia vifundo vya chini vinavyochanua na kukaribisha kuvu wa kuozesha shina. Muda wa jembe ni mfupi; baada yake hubaki kivuli tu, au kung'oa kwa mkono.

Ndago ndiyo inayothibitisha hili kuliko gugu lolote, nayo yastahili nafasi kubwa hapa. Chini ya ardhi viazi vyake vidogo vimeungana kwa nyuzi, kimoja baada ya kingine, na kinachochipua hukandamiza vingine visiamke. Jembe likikata uzi, vilivyolala hupata ruhusa, kila kimoja kikachipua peke yake. Mwenye shamba huona ndago imerudi nene kuliko alivyoikuta, na hapo huzuka maneno ya kurogwa, ya jirani mwenye kijicho, ya kafara. Upuuzi huo hugharimu pesa na ujirani, ilhali jibu liko umbali wa kidole kimoja chini ya udongo. Ndago ni mmea wa jua kali. Ikitiwa kivulini hudhoofika na kuunda viazi vichache. Majani ya karanga yakikutana mapema kati ya mistari, ndago hufa njaa taratibu, msimu baada ya msimu, pasipo kukatwakatwa wala kutambikiwa.

Watasema mbegu ni ghali. Ni kweli: mbegu 100 zikiwa na uzito wa gramu 40, hekta moja hudai kilo 80. Lakini asiye na kilo 80 apande nusu hekta iliyojaa, wala asitawanye kilo 40 katika hekta nzima kisha akodi vibarua wa palizi. Watasema pia msongamano huleta magonjwa. Kuhusu rozeti, ni kinyume chake: vidukari wanaoieneza huvutwa na udongo ulio wazi kati ya miche, na shamba lililofunga majani huwapa mahali pachache pa kutua. Kuhusu madoa ya majani pingamizi lina uzito, kwa kuwa unyevu hukaa zaidi penye majani mengi. Dawa yake ni kubadilisha zao, mahindi au mtama msimu unaofuata, wala si kupanua mistari. Panapokosa mvua ya kutosha miche 200,000, ipunguzwe ndani ya mstari, sentimita 15 badala ya 10, na mistari ibaki palepale, kwa maana pengo kati ya mistari ndilo linalochelewa kufungwa na ndilo magugu hulitafuta.