Kulanti ya Johannesburg: kwa nini nusu kwa nusu

Ukijaza rejeta maji matupu Dar es Salaam, adui wa kwanza ni kutu. Johannesburg wanaongezeka wawili: mwinuko na baridi. Jiji liko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya sifuri. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, kiasi cha kupasua rejeta au hata bloku ya injini.

Kwa baridi hiyo pekee, sehemu moja ya kulanti kwa mbili za maji ingetosha, maana huganda karibu na nyuzi 17 chini ya sifuri. Ila kinachoamua hapa si baridi. Nusu kwa nusu hupandisha zaidi kiwango cha kuchemka na huleta dawa ya kutosha ya kuzuia kutu. Mfuniko wa rejeta nao husaidia kwa kuongeza presha, lakini huiongeza juu ya ile ya hewa ya nje, ambayo Johannesburg ni ndogo. Kwa hiyo mfuniko uleule, ukitoka nao Durban ukapanda mlima hadi Johannesburg, kinga hupungua kwa nyuzi kama 3. Dereva wa lori lenye mzigo anaujua mlima huo.

Kuzidisha nako ni hasara. Glikoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kulanti, hubeba joto kidogo kuliko maji, na ikiwa tupu huganda mapema kuliko ikichanganywa. Usivuke asilimia 60.

Maji ya kuchanganyia yawe yaliyoondolewa madini. Ya bomba huacha ukoko ndani ya mirija, kama birika la chai. Rangi isikudanganye: kijani cha kampuni moja si lazima kiwe sawa na cha nyingine, na aina zisizopatana zinaweza kuharibu dawa ya kutu au kugeuka uji. Fuata kitabu cha gari.

Dukani, soma chupa kwanza. Ikiwa imeshachanganywa, usiongeze maji. Nyumbani iweke mbali na watoto na mbwa: ni tamu, na ni sumu. Na kila ukiongeza maji matupu kwa sababu ya uvujaji, unapunguza kinga. Ziba tundu, kisha mwambie fundi apime mchanganyiko kabla ya Juni.