Chura Aliyekataa Kuuzwa

Juma lililopita, baada ya sala ya isha, jirani yangu alipiga hodi akanikuta nimekaa mkekani pamoja na mjukuu wangu, tunatazama sinema ya katuni, na machozi ya kicheko yananitiririka mashavuni. Akasimama kizingitini akitikisa kichwa. "Sheikh," akaniambia, "mtu mzima wewe, mvi zimekujaa, wacheka chura?" Nikamjibu, "Karibu kitako, Maalim, tuianze upya. Ni dakika saba tu, hata kahawa haitapoa."

Basi, wasomaji wapenzi, ningependa leo niieleze sinema hiyo, kwani wengi wetu tumezoea kuzihesabu katuni kuwa ni pipi za watoto. Asili yake si hivyo. Katuni fupi za Marekani za miaka ya 1930 hadi ya 1950 zilitengenezwa zionyeshwe katika majumba ya sinema, kabla ya picha kubwa kuanza, mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio. Watoto walikuwamo, lakini mafundi hawakuwatengenezea wao peke yao.

Hii ninayoisema inaitwa "One Froggy Evening". Ilitoka mwaka 1955 katika kampuni ya Warner Bros., ikaongozwa na Chuck Jones, na kisa chake kikatungwa na Michael Maltese.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfanyakazi mmoja yuko penye jumba kuukuu linalobomolewa. Ndani ya jiwe la msingi lililowekwa mwaka 1892 akuta kisanduku, na ndani ya kisanduku mna chura hai. Chura atoka, avaa kofia ndefu, ashika bakora, aimba na kucheza kama bingwa wa jukwaani. Yule bwana aangaza huku na huku. Hakuna aliyeona ila yeye. Papo hapo akili yake yaanza kuhesabu fedha.

Ampeleka kwa wakala wa wasanii. Chura akoroma tu, kama chura yeyote wa kisimani. Wakitoka nje, aimba. Akodi ukumbi kwa akiba yake yote. Watu hawaji hata wakiambiwa kuingia ni bure, mpaka abandike tangazo la pombe ya bure, nasi twajua pombe huvuta watu wa namna gani. Nyuma ya pazia chura aimba kwa sauti ya kupasua paa. Pazia likifunguka, wimbo umekwisha, imebaki kukoroma. Mwisho yule bwana aishia kwenye benchi la bustani katika baridi ya theluji, na chura angali amwimbia. Polisi asikia kelele, aja, aonyeshwa chura, chura akoroma, na masikini ya Mungu apelekwa hospitali ya wenda wazimu. Atokapo amechakaa. Aona jengo jipya lajengwa, akitia kile kisanduku ndani ya jiwe la msingi, na kukimbia kwa furaha. Kisha twapelekwa mwaka 2056. Jengo labomolewa, mtu mwingine apata kisanduku, amsikia chura, na huyoo, anyata naye akiota fedha zile zile.

Katika kisa chote hiki hakuna mazungumzo hata sentensi moja. Anayesikika kwa maneno ni chura, nayo ni nyimbo zake. Mengine yote yasemwa na nyusi za yule bwana, mabega yake yanavyoshuka na macho yanavyomtoka. Mimi niliyelelewa chuoni, kisha nikafunzwa vina na mizani, naujua ugumu wa kujifunga namna hiyo. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, na humo mtu hutakiwa aseme jambo likatimia. Chuck Jones naye alijifunga kwa dakika saba bila ya maneno. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde, hivyo dakika saba ni karibu picha 10,000. Michoro ilichorwa kwa mkono juu ya karatasi, ikanakiliwa kwenye karatasi angavu za seluloidi, ikatiwa rangi, kisha ikapigwa picha moja baada ya moja. Watu waliotaabika hivyo ili unyusi upande na kushuka hawakuwa wakifanya mchezo. Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.

Sisemi katuni zote za enzi hiyo ni njema. Ziko zilizowadhihaki watu weusi, na mwaka 1968 katuni 11 za Warner ziliondolewa zisionyeshwe tena katika televisheni kwa sababu hiyo. Mla samaki hutema miba.

Lakini chura huyu alinigusa penye donda. Miaka kadhaa nyuma bwana mmoja mwenye kutafuta kura alinijia na bahasha, akitaka nimtungie utenzi wa kumsifu. Nyumbani palikuwa na haja, nikaipokea. Nilikesha siku tatu. Maneno ambayo hunijia nikienda zangu sokoni, bila ya kuitwa, siku hizo yalikataa katakata. Kalamu ilikoroma. Nilimrudishia bahasha yake ikiwa pungufu, na upungufu huo nikaulipa kwa miezi minne. Nikanung'unika moyoni kwamba Mola amenipa kipaji kisha akaninyima siku ya shida. Leo nasema astaghfirullah. Kipaji hakikuondoka, ni mimi niliyekwenda kukipigia mnada.

Wahenga walinena, tamaa mbele, mauti nyuma. Yule bwana wa katuni hakufa, lakini alipoteza akiba, nyumba na heshima, na riziki ya furaha ilikuwa mkononi mwake wakati wote.

Nilimtazama Maalim nikingoja acheke. Hakucheka. Picha ilipokwisha alinyamaza kitambo, akakinywa kikombe chake cha kahawa kilichokwisha poa, akasema, "Masikini. Chura kamwimbia muda wote ule, naye asikae hata mara moja akamsikiliza."

Mjukuu wangu akauliza kama tunaweza kuianza tena. Aliyemjibu alikuwa Maalim: "Anza, mwanangu."