Laptopu Mbili, Waya Hakuna, Bando Hakuna: Mambo Bomba!

Leo nawaletea ya huku kwetu Litapunga, Katavi. Siku hizi nyumba moja unaweza kukuta laptopu mbili, lakini flashi bado inapelekwa huku na huku kama zamani tulivyofuata moto kwa jirani!

Kasheshe ya flashi mnaijua. Kaka yangu ndiye mhasibu wa kamati ya harusi ya dada yetu, mimi katibu. Jumamosi flashi ikarudi mjini na virusi, orodha ya michango haifunguki. Kikao ni kesho, na tayari watu wananong'ona kwamba kaka kala hela. Nakala ilikuwepo kwenye laptopu yangu. Tukairusha hewani, ikafika. Jumapili kaka akasoma jina kwa jina, shilingi kwa shilingi, kimyaaa!

Tulifanyaje? Ziko njia mbili.

Ya kwanza ni ruta. Wengi wanadhani ruta isiyo na bando ni pambo la mezani. Si kweli! Intaneti ni kitu kimoja, mtandao wa nyumbani ni kingine. Ruta ya Wai-fai ikipata umeme tu, kompyuta zinaongea zenyewe. Ruta nyingi ndogo zinatumia volti 9 au 12, kwa hiyo wenye sola msikate tamaa. Ila soma kwanza adapta yake, volti zikizidi unaiunguza.

Ya pili, ndiyo tuliyotumia sisi, ni simu. Zima data ili laptopu zisije zikala bando kimyakimya. Washa hotspoti, unganisha laptopu zote mbili. Halafu fungua programu kama LocalSend, ambayo ni ya bure, kwenye laptopu zote, chagua faili, tuma. Basi! Ila ipakueni mapema, siku mkiwa na bando. Zikigoma kuonana, jaribu simu nyingine, maana zipo simu zinazozuia.

Kuhusu masafa, 2.4 GHz inafika mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri, 5 GHz ina kasi lakini inachoka haraka. Bati nalo ni adui, usiifiche ruta nyuma yake.

Paswedi iwe na herufi 8 au zaidi, na isiwe jina la mpenzi wako, mtaa mzima unalijua! Ukifungua folda ya kushirikiana, fungua hiyo moja tu. Ukiacha diski nzima wazi, barua zako za mapenzi zitasomwa hadi na shemeji.

Ajabu ya dunia! Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kanuni za kwanza za Wai-fai zikatoka 1997, na leo kijana wa Litapunga anarusha faili kutoka chumba hadi chumba bila kulipa hata senti.

Flashi sasa ibaki ya nyimbo za kwenye redio. Tukutane wiki ijayo!