Kinachomwamsha teja alfajiri

Kabla ya adhana ya alfajiri teja ameshaamka. Hakuamshwa na hamu ya starehe. Kamasi na machozi vinamtoka, anapiga miayo mfululizo, vinyweleo vimemsimama, tumbo linakata, mifupa inauma kama inayosagwa. Hiyo ndiyo arosto. Akipata kete moja ya unga, vyote vinatulia kwa saa chache. Akikosa, ataondoka na sufuria ya mama yake.

Sisi majirani tunaikumbuka sufuria. Tunasema hana haya, acharazwe bakora, akae ndani. Lakini heroini, ndiyo huo unga, hushika ubongo palepale panaposhikwa na vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe. Ikishazoeleka, kiasi cha jana hakitoshi leo, na mtu havuti tena ili alewe. Anavuta ili aweze kusimama.

Hofu ya arosto imewafikisha watu pabaya kupindukia. Mwaka 2005 watafiti waliandika habari za wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga damu ya wenzao. Aliyepata unga alijidunga, akavuta damu yake kwenye bomba, akampa shoga yake asiye na senti, kwa kumhurumia. Unga uliosalia katika damu hiyo ni kidogo mno, wala hautibu arosto. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini vinavuka bila shida. Kila nikilifikiria hili nashindwa kuwaita wale wanawake wahuni.

Ndiyo maana naitetea methadoni, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Ni dawa ya kunywa, mbele ya mhudumu, kila siku, na nguvu yake hudumu zaidi ya saa 24. Wapo wanaolalamika kwamba ni kumtoa mtu kwenye ulevi huu na kumtia kwenye ule. Sikubaliani nao. Dozi ikipimwa sawasawa haileweshi, inaizuia arosto. Na asiyewinda kete tangu alfajiri anaweza kwenda kibaruani, akameza dawa zake za Ukimwi kwa wakati, akala na wanawe.

Familia nyingi hulegeza uangalizi pale kijana anaporudi kutoka gerezani au soba hausi, nyumba ya kuachia unga. Amenenepa, anachekacheka, anapikiwa pilau. Kumbe wiki hizo za mwanzo ndizo za kuogopwa kuliko zote, kwa sababu mwili umeshausahau unga. Akiteleza siku moja tu, akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi hukatika. Mkimsikia anakoroma isivyo kawaida, midomo ikigeuka rangi, mkimwita haitiki, msidhani amelala. Mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali, na mwambieni daktari bila kuona aibu kwamba ni unga. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi, ikiwahi.