UMENASA SAMAKI, AU UMENASWA WEWE?

KAMA nawe ni mmoja wa wale ambao wakiona kitu kinang'aa dukani mfuko unaanza kuwasha, kaa kitako nikupe kisa. Kinahusu ndoano, lakini usije ukadhani ni habari ya wavuvi peke yao.

Mimi ni mtoto wa Tabora, mji wa maembe na asali. Bahari hatuna, ziwa hatuna. Tuna Bwawa la Igombe kule kaskazini mwa mji, lililotunywesha maji miaka nenda rudi, na Jumamosi washikaji hubeba mishipi wakaenda kupunga upepo huko. Anayerudi na samaki anatamba kijiweni wiki nzima. Anayerudi kapa anatafutiwa jina.

Mwaka 2024 nilipata vijisenti vyangu vya kwanza vya maana kwa kazi hii ya kalamu. Nikiwa Dar es Salaam, nikaingia duka moja la vifaa vya uvuvi. Lo! Ukutani vilining'inia visamaki vya plastiki vyenye macho, vijiko vya bati vinavyometameta, na vidude vya manyoya mekundu utadhani hereni za bibi harusi. Hivyo vyote ni vyambo bandia: havina mnyoo wala nyama, kazi yake ni kumdanganya samaki aone chakula mahali ambapo hakuna.

Muuzaji, kijana mtanashati, akanipa maneno matamu. "Kaka, hiki chekundu hakuna samaki anayekiruka." Nikazimia hapo hapo. Nikamwaga shilingi elfu arobaini, nikatoka na vyambo sita, vinne vyekundu, viwili vidogo vya rangi ya fedha ambavyo alinitupia kama nyongeza.

IGOMBE WAKANICHUNIA

Jumamosi iliyofuata nikatua Igombe kwa mikogo. Nikatupa, nikavuta. Nikatupa tena. Saa tatu nzima, hola! Pembeni yangu dogo mmoja wa shule ya msingi, mwenye kijiti, uzi na kopo la nyungunyungu, alikuwa ameshatoa perege saba. Mwisho akanionea huruma. "Kaka, chukua mnyoo mmoja basi."

Niliona aibu, lakini nikauliza wenye kujua. Kumbe kosa halikuwa la ndoano. Perege chakula chake kikubwa ni mwani na vidudu vidogo. Hana kawaida ya kukimbiza samaki mwenzake, sasa kisamaki cha plastiki atakifanyia nini? Kambale naye yumo bwawani, lakini maji yakiwa ya matope yeye hutafuta riziki kwa sharubu na kwa harufu. Ndiyo maana wapo wavuvi wanaomtegea kwa kipande cha sabuni. Bati langu halikunuka chochote.

Chambo bandia ni cha samaki mwindaji anayetumia macho. Bila macho yake, huna mchezo.

Hapo nikamkumbuka mjomba wangu wa Ujiji. Yeye anaishi kwa mgebuka, na mgebuka ni jambazi wa ziwani, anaishi kwa kukimbiza dagaa. Nikajisemea, vidude vyangu vimepata kazi. Nikanunua dumu la asali la zawadi, nikakata tiketi ya treni.

UJANJA WA KIJIKO

Usidhani kudanganya samaki kwa kitu kinachong'aa ni ujinga. Ni ujanja wa zamani. Kule Marekani inasimuliwa kwamba Julio Buel aliangusha kijiko cha kulia ziwani, akashangaa kuona samaki anakirukia. Basi akatengeneza ndoano zenye kijiko, na mwaka 1852 akajipatia hataza ya serikali. Mpaka leo dunia nzima inavua kwa vijiko vya aina hiyo.

Wafini nao wana yao. Kwao wakati wa baridi ziwa linaganda mpaka mtu anatembea juu yake. Mvuvi hutoboa shimo kwenye barafu, akakaa kwenye kigoda, akashusha uzi wenye kidude kidogo cha kung'aa, akawa anaupandisha na kuushusha taratibu. Anamtafuta samaki mdogo mwenye mistari ubavuni. Kwa jina la samaki huyo ndipo Waingereza walipomwita sangara wetu wa Ziwa Victoria, ingawa si ndugu wa damu. Ndugu wa kweli wa sangara wako Ziwa Tanganyika: aina nne, akiwemo huyo mgebuka na binamu zake wakubwa akina sangala, na hawapatikani kwingine kokote duniani. Tena hao hao Wafini ndio waliogharamia utafiti mkubwa wa uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulioanza mwaka 1992 chini ya FAO.

Angalia sasa. Mfini juu ya barafu na mjomba ndani ya mtumbwi wanafanya kazi moja: uzi unakwenda chini wima, mkono unatikisa, jicho la samaki linaamua.

SHANGA ZA MSAFARA

Reli ya kutoka Tabora kwenda Kigoma, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa inaifuata njia ya zamani ya misafara. Unapita Malagarasi, unapita Uvinza kwenye chumvi, unaishia ziwani. Babu zetu Wanyamwezi waliitembea kwa miguu na mizigo mabegani.

Na ndani ya mizigo ile mlikuwa na shanga. Stanley alipokuwa Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, jambo lililomwumiza kichwa ni kuchagua shanga zipi. Wafanyabiashara walimweleza kwamba nyeusi zinapita Ugogo, kwingine hazitakiwi. Nyeupe zinapendwa Ufipa, Ukonongo zinadharauliwa. Zile kubwa za mfano wa yai ni mali Ujiji, ukizipeleka kwingine zinakataliwa. Sokoni Ujiji palikuwa na shanga zake zilizotumika kama fedha, zikiitwa sofi. Ukikosea kuchagua, umebeba mawe kutoka pwani.

Mimi nilikuwa ndani ya treni na vidude vyangu vyekundu mfukoni, natabasamu. Sikujua kuwa nami nimebeba mawe.

ZIWA LIMEFUNGULIWA, MWEZI UMEFUNGA

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Karibu Ujiji. Asali umekuja nayo?"

Alicheka, lakini alikuwa amekonda. Serikali ilikuwa imesimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, 2024 ili samaki wapumue na kuzaliana. Mjomba hakulalamika sana. Mwenyewe alisema migebuka ya siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi. Wataalamu nao, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 na 2016, walionyesha kwamba ziwa linazidi kupata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Lakini miezi mitatu bila mshipi ni miezi mitatu ya kukopa dukani. Na binti yake, binamu yangu, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Ada ya awamu ya kwanza ilikuwa inasubiri.

Ziwa likafunguliwa, lakini tarehe 19 mwezi ukawa mpevu. Uvuvi wa usiku ni wa taa, na palipo na mbalamwezi taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki. Tukakaa tunautazama mwezi kama mtu anayemtazama mdai wake mlangoni.

Siku hizo mjomba alitumia kufunga ndoano. Alichukua nyoya jeupe la kuku, akalipasua, akalichanganya na nyuzi chache zinazong'aa alizozichomoa kwenye kiroba, akafunga kwenye shina la ndoano. Kila moja urefu wa kidole. Uzi mmoja ndoano kumi na mbili, chini yake chubwi la risasi. Nikamwonyesha vyangu. Akavigeuza mkononi kwa adabu kama mtu anayeshika mtoto wa mgeni.

"Vizuri," akasema. "Samaki wa wapi hawa?"

"Wa dukani mjomba. Hiki chekundu hakuna anayekiruka. Tuvijaribu!"

Angeweza kukataa. Hakukataa. Alisema: "Haya, uzi mmoja wako, mmoja wangu."

USIKU WENYEWE

Mwezi ulipoanza kuchelewa, tukaingia. Mtumbwi mmoja, mjomba, binamu yangu wa kiume na mimi. Taa ya sola ikawashwa juu ya maji. Kwanza wakaja wadudu, kisha dagaa, wakawa wanazunguka kama vumbi la fedha. Mjomba akanyamaza kidogo, akasema, "Wenyewe wako chini yao."

Akashusha uzi huku anahesabu pima kwa mikono yake. Ziwa hili linafika kina cha mita 1,470, lakini usijidanganye. Huko chini hewa hakuna. Upande huu wa kaskazini, ukishapita mita mia na kitu hukuti samaki. Maisha yote yako kwenye tabaka la juu, na kila usiku wawindaji wanapanda kufuata dagaa. Ukiwapita umevua giza.

Mjomba akapata watatu kwa mpigo. Halafu wanne. Mimi nikawa natikisa mkono mpaka bega linauma. Kisamaki changu cha plastiki kilikuwa chepesi, mkondo ukakisukuma pembeni. Nikabadili nikaweka kijiko chekundu. Hola. Kingine chekundu. Hola!

Yapata saa nane binamu akaninong'oneza: "Kaka, uzi huo ulioushika ni nusu ya mavuno ya leo."

Jamani, maneno hayo yaliniingia. Mtu mzima alikuwa ameniachia nusu ya ada ya mwanawe ili asinivunje moyo. Na mimi naona raha na vidude vyangu!

"Mjomba, samahani. Chukua uzi wako."

"Subiri kwanza," akasema. "Vile viwili vidogo vyeupe umeviacha kwa nini?"

Nikafunga kimoja, akaniongezea chubwi, akanionyesha mkono: pandisha kwa haraka, shusha polepole, tulia. Tulia! Mgebuka hupiga chambo kinapoanguka, kinapofanana na dagaa aliyechoka. Nikapata mmoja. Baadaye mwingine. Halafu nikamrudishia uzi wenye manyoya ya kuku, na hesabu ya usiku ikanyooka.

Alfajiri mjomba alikuwa na migebuka arobaini na mitatu. Mimi miwili. Mchuuzi alikuwa ameshasimama ufukoni. Deni la dukani likapunguzwa siku hiyo hiyo, na kabla giza lile la mwezi halijaisha ada ilikuwa imetimia.

SASA CHAGUA HIVI

Msomaji wangu unayetaka kununua chambo, haya ndiyo niliyoyanunua kwa elfu arobaini, nakupa bure.

Kwanza, mjue samaki anakula nini. Perege wa bwawani mpe mnyoo au ugali. Kambale mpe kinachonuka. Mgebuka na sangala, wanaowinda kwa macho, ndio wa kudanganywa kwa bati na manyoya.

Pili, fananisha na chakula chake kwa ukubwa. Anayekula dagaa wa urefu wa kidole usimletee plastiki ya kiganja eti kwa kuwa ni kubwa na ghali.

Tatu, rangi. Hapa ndipo niliuzwa mchana kweupe. Maji hula mwanga, na mwekundu ndio wa kwanza kuliwa. Ukishuka mita kumi hivi, chekundu chako hakina wekundu tena, kinaonekana cheusi. Dukani kinawaka, ziwani kimezima. Kwenye maji maangavu kama ya Tanganyika, nyeupe na rangi ya fedha ndizo zinazoshika mwanga wa taa kama ubavu wa dagaa.

Nne, uzito. Chambo chepesi kinachukuliwa na mkondo. Kiongezee chubwi kifike walipo, kisha jifunze kukianguisha. Chambo kizuri kwenye mkono mbaya ni pambo tu.

Tano, kabla ya kwenda dukani muulize anayeishi kwa maji yale. Wenye misafara walikuwa wanauliza kwanza shanga gani inapita huko mbele. Mimi niliuliza nilipokwisha kulipa.

Siku ya kuondoka niliviacha vyote kwa mjomba. Ndoano zake zilikuwa imara, kwa hiyo alizibandua, akazifunga manyoya ya kuku, zikaingia kazini. Manyoya mekundu akayachukua binti yake. Aliposafiri kwenda chuoni alinitumia picha kwenye simu: amevaa sare, anacheka, na masikioni zinaning'inia hereni mbili nyekundu.

Zimempendeza kwelikweli. Na ukifikiri vizuri, muuzaji wangu hakukosea hata kidogo. Vidude vile vilitengenezwa kumnasa binadamu, na vilimnasa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.