Je, Wajua? Ini la Mtoto Mchanga

Je, wajua kwamba kimelea cha malaria hakianzii kwenye damu? Mbu akishauma, kinakimbilia ini, kinazaliana humo kwa siku kadhaa, ndipo homa ipande.

Je, wajua kwamba watoto wa Korogwe walisaidia kuiziba njia hiyo? Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa Korogwe na Kilifi kwa watoto 894 wa miezi 5 hadi 17. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha imepunguza malaria kwa asilimia 53, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Ndani yake mna pia protini ya virusi vya homa ya ini B. Wazazi wale wa Korogwe wanastahili shukrani zetu.

Je, wajua kwamba kinga ya mama yaweza kulishambulia ini la mtoto aliye tumboni? Ugonjwa huo ni nadra, ila ni mkali mno. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kuliona ini changa kuwa adui. Mtoto huzaliwa ini limeharibika, madini ya chuma yamerundikana mwilini. Zamani madaktari walidhani ni ugonjwa wa kurithi wa madini hayo, hadi Peter Whitington wa Chicago alipoonyesha kuwa chanzo ni kinga.

Hapo tiba ikageuka. Mtoto hubadilishwa damu ili kingamwili zile zipungue, kisha hutundikiwa dripu ya kingamwili za maelfu ya wachangia damu. Kwa utafiti wa mwaka 2009, waliopona bila kupandikizwa ini walifika asilimia 75. Kabla ya hapo walikuwa asilimia 17 tu.

Je, wajua kwamba ugonjwa huu hurudi? Mimba inayofuata huwa hatarini kwa takriban asilimia 90. Mama akipewa dripu hiyo kuanzia wiki ya 14, karibu watoto wote huzaliwa salama.

Mtoto akiwa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au choo chake kikiwa cheupe, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kumwanika juani hakuponyi ini. Na wewe mama wa Handeni uliyewahi kuzika kichanga, najua ni vigumu kusimulia, lakini kwa kuwa ugonjwa huu hurudi, ukipata mimba tena mweleze muuguzi tangu hudhurio la kwanza la kliniki: alifariki akiwa na siku ngapi, na je, macho yake yalikuwa manjano?