Maji Ndani ya Kompyuta: Utulivu Peke Yake Hautoshi



Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, saa 4:39, ubavu wa mlima Toc, kaskazini mwa Italia, uliporomoka na kuingia katika bwawa la Vajont. Mwamba na udongo wa zaidi ya mita za ujazo milioni 250 ulitumbukia majini kwa mkupuo mmoja. Ukuta wa bwawa, wenye kimo cha mita 261, haukuvunjika. Umesimama mpaka leo. Lakini maji yaliruka juu yake, yakashuka bondeni na kuufuta mji wa Longarone. Watu karibu 2,000 walifariki. Katika kijiji cha Pirago kanisa lilisombwa, ukabaki mnara wake wa kengele.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba wahandisi walikuwa wameshalifanyia jambo hilo majaribio. Mwaka 1961 na 1962, mahali paitwapo Nove, lilijengwa bonde dogo la mfano, kokoto zikateremshwa majini badala ya mlima, mawimbi yakapimwa. Hitimisho likawa kwamba maji yakiwa mita 700 juu ya usawa wa bahari, hakuna hatari. Usiku ule yalikuwa karibu kabisa na kiwango hicho. Kokoto haziendi kama bamba moja la mwamba linaloteleza kwa kasi. Mfano ulifanya kazi vizuri, haukuharibika wala kuleta vurugu, ila haukusema kweli juu ya mlima.

Siku hizi bonde la mfano hujengwa ndani ya kompyuta, na mojawapo ya njia zinazotumika sana hujulikana kwa herufi SPH. Ilibuniwa mwaka 1977 na Leon Lucy kwa upande mmoja, na Robert Gingold na Joe Monaghan kwa upande mwingine, tena si kwa ajili ya maji bali kwa ajili ya nyota. Badala ya kugawa nafasi kwa vyumba vya mraba kama daftari la hesabu, maji yenyewe hugawanywa katika chembe. Kila chembe ina uzito wake, kasi yake na shinikizo lake, na husafiri na maji popote yaendapo. Ndiyo maana njia hii hufaa pale maji yanaporuka, kutawanyika na kukutana tena.

Chembe hujuaje la kufanya? Huuliza majirani. Tufikirie Jumuiya Ndogo Ndogo: kila familia huwafahamu watu wa nyumba za karibu, waliopo mlango wa pili kuliko walio mwisho wa mtaa. Chembe hujumlisha uzito wa majirani walio ndani ya duara fulani, wa karibu wakihesabiwa zaidi, na hivyo hupata msongamano wa maji mahali pale. Msongamano ukizidi, shinikizo hupanda na chembe husukumana. Ukipungua, shinikizo hushuka. Basi. Mengine yote ni namna ya kufanya jumla hiyo isidanganye.

Na hudanganya kwa urahisi. Tatizo la kwanza ni hatua za muda. Kompyuta haioni muda ukitiririka, hurukaruka kutoka kitambo hadi kitambo. Tangu mwaka 1928, Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba katika hesabu za aina hii, habari isiachwe ivuke zaidi ya umbali wa jirani katika hatua moja. Katika maji habari hiyo ni sauti, nayo huenda karibu mita 1,480 kwa sekunde. Chembe zikipangwa kwa nafasi ya sentimita 1, hatua haipaswi kuzidi takriban sehemu 7 za milioni ya sekunde. Ukizidisha, chembe hupishana bila kuonana, shinikizo hupanda ghafla, na maji hulipuka kama sufuria iliyofunikwa vibaya.

Wataalamu wana ujanja hapa, na sisi tunauona ni ujanja halali kwa sababu mipaka yake inajulikana. Maji ya kompyuta hupewa sauti ya polepole, mara 10 tu ya mwendo mkubwa kabisa wa maji yenyewe. Mtiririko ukiwa mita 5 kwa sekunde, sauti huwekwa 50, na hatua ya muda huweza kuwa ndefu karibu mara 30. Gharama yake ni maji yanayoweza kubanwa kidogo, yapata asilimia 1. Tena upo unafuu wa pili. Kwa sauti ya kweli, kosa la asilimia 1 katika msongamano lingezaa shinikizo kama la kina cha maji cha kilomita 2 na zaidi. Kwa sauti ya mita 50 linazaa shinikizo la kina cha mita 2.5. Bado ni kubwa kwa ndoo au pipa, lakini laweza kushughulikiwa: tofauti ndogo za msongamano kati ya majirani husawazishwa pole pole, au shinikizo hutafutwa kwa mlinganyo unaolazimisha msongamano usibadilike.

Tatizo la pili ni la mipakani. Nyumba iliyo ukingoni mwa kigango ina majirani upande mmoja tu. Akija mtu kuhesabu watu kwa kuangalia pande zote, atasema mahali pale ni pakavu, kumbe watu wamejaa. Chembe iliyo juu ya maji au kando ya ukuta hupata msongamano wa chini kuliko ulivyo, na shinikizo lake laweza kuwa hasi. Hapo chembe huvutana na kugandana mafundomafundo, tabia iliyochambuliwa na Swegle na wenzake mwaka 1995. Dawa zipo kadhaa: kuweka chembe za ukutani ili ujirani utimie, kurekebisha uzito wa jumla pale majirani wanapopungua, kuzisogeza chembe kidogo kidogo zisikusanyike, na kuchagua kanuni ya uzito yenye umbo zuri, kama zile za Wendland, ambazo hazichochei chembe kujipanga wawiliwawili.

Halafu kuna dawa inayopendwa kupita kiasi: mnato wa bandia. Ukiongeza mnato, chembe hutulia, picha hupendeza, programu haikwami. Lakini maji huanza kwenda kama asali. Wimbi hufika limechelewa na limefupika. Kwa maoni yetu hili ni baya kuliko mlipuko, kwa kuwa programu inayolipuka humwambia kila mtu kwamba imekosea. Maji mazito yaliyotulia hayamwambii mtu kitu, na mwenye nyumba bondeni huambiwa alale.

Kwa hiyo wanaofanya kazi hii kwa uaminifu huanza na majaribio yasiyo na mvuto. Maji yaliyotulia katika tangi, yakiachwa, yabaki yametulia, na shinikizo liongezeke kwa kina inavyopasa. Nguzo ya maji iliyoachiwa ghafla ilinganishwe na vipimo vya maabara, kama vile vya Martin na Moyce vya mwaka 1952. Mwishowe chembe zipunguzwe ukubwa, tuone kama jibu linabadilika. Ukipunguza nafasi kwa nusu katika pande tatu, chembe huwa mara 8, na hatua za muda huwa maradufu, yaani kazi mara 16. Hapo wengi huishia njiani.

Mwaka 2013 watafiti wa Italia walichapisha uigaji wa wimbi la Vajont kwa njia hiyo hiyo ya chembe. Wao walikuwa na kitu ambacho wale wa Nove hawakuwa nacho: alama za maji zilizobaki kwenye kuta za bonde, za kulinganisha nazo.